Mwanamke Aliyetangulia Maji

Kabla sijafungua lango, nilikuwa nasubiri kusikia miguu yake kwenye ngazi. Zilikuwa ngazi za zege, ndefu, zilizopanda kutoka mtoni hadi nyumba ya mitambo, naye alizipanda bila kupumzika, kandambili zake zikipiga kila kidato kwa mlio uleule. Nikiusikia mlio huo mabega yangu yalishuka. Usiposikika, nilisimama karibu na gurudumu la lango nikitazama saa ya ukutani, kisha maji yaliyokuwa yakipanda nyuma ya ukuta wa bwawa, kisha saa tena.

Watu wa bondeni walimwita Mama Sireni. Jina lake la kweli nalijua, lakini sitaliandika. Hata binti yake mkubwa nilimsikia siku moja akimwita Mama Sireni kwa utani, akala kofi la mgongoni, kisha wote wawili wakacheka.

Kituo chetu kilikuwa kidogo, juu ya mto mmoja unaoshuka kutoka vilima vya Gitambi kwenda kwenye mpunga wa Bugarama. Mchana tuliyazuia maji nyuma ya ukuta ili yajikusanye, yatumike jioni watu wote wanapowasha taa. Kwa hiyo mchana mto chini ya ukuta ulibaki uzi tu, na watu waliushukia. Wanawake walifua, wanaume walichimba mchanga wa kujengea, na wenye ng'ombe walivusha ng'ombe wao. Lakini tope lilipojaa mbele ya bomba letu, ilitubidi tufungue lango la chini ili lisombwe. Hapo mto ulirudi wote kwa mara moja, mwekundu kwa udongo, mawe yakigongana ndani yake. Mtu aliyesimama katikati, maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu, alikuwa na muda wa kusema dua moja tu, tena fupi.

Kwenye mpango wa kituo kulikuwa na sireni. Walisimamisha nguzo yake, wakapaka rangi, lakini sireni yenyewe haikufika kamwe. Badala yake akaajiriwa mwanamke mwenye filimbi na sauti.

Sauti hiyo aliipata kwa kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alitoka katika zile familia za Waislamu wa Kamembe zinazosema Kiswahili nyumbani, na kabla ndoa haijampeleka vilimani alitembeza sambaza kichwani, mtaa hadi mtaa, na muuza samaki asiye na sauti hurudi nyumbani na samaki walionuka. Nilikuwa namsikia nikiwa juu, mlango umefungwa, mtambo ukinguruma.

"Amazi araje! Muve mu mazi! Maji inakuya! Bamama, mutoke! Banaume, mutoke!"

Aliongeza na neno la Kimashi la maji, "Amishi! Amishi!", kwa ajili ya wale wachimba mchanga waliotoka ng'ambo, upande wa Bukavu. Kisha filimbi, mpulizo mmoja mrefu. Kisha anasimama. Hapo ndipo alipokuwa tofauti na sireni yoyote: hakupita akipiga kelele na kwenda zake. Alisimama ukingoni mpaka mguu wa mwisho utoke majini, na kama mwenye mguu ana mzigo, alimpokea beseni au gunia akalipandisha mwenyewe. Aliniambia, "Ukisema tu mutoke, muntu anaangalia vitu yake. Mubebee kwanza, atakufuata."

Siku moja mwanamume mmoja aliyekuwa anaoga alikataa kutoka. Alikuwa na sabuni usoni, akasema amalize kwanza. Mama Sireni hakubishana. Aliokota nguo zake zote zilizokuwa juu ya jiwe, suruali, shati na chupi, akapanda nazo mlima bila kugeuka. Yule mtu alimfuata uchi, povu likimtiririka, mbele ya wanawake waliokuwa wakifua. Alipofika juu na kuanza kumtukana, maji yalikuwa yamekwisha pita pale alipokuwa amesimama. Mtu huyo hakumsalimia tena, na yeye hakujali.

"Haya inapona," alisema. "Umeshaona muntu alikufa ya haya?"

Hakuwa mtu mpole, na singependa nimpambe. Alikuwa na fimbo, na fimbo hiyo ilimpata mwanamke mmoja mjamzito mgongoni kwa sababu alikuwa mzito kuinuka. Walipomlalamikia kwa mkuu wa mtaa alijibu kwamba mgongo unauma wiki moja. Alikuwa anaweka vinyongo. Alijisifu. Akiingia dukani alitaka ahudumiwe kwanza, na akihudumiwa wa pili aliwakumbusha wote ni nani anayewaondoa mtoni. Wengine walimchoka, na kuna waliochelewa kutoka majini kwa makusudi, ili wamuudhi.

Ile kanuni ya filimbi aliitunga yeye. Mwezi wangu wa kwanza kituoni tulikwenda kwa saa: yeye anashuka, mimi nahesabu dakika thelathini, nafungua. Alasiri moja alirudi dakika ya ishirini na tisa, midomo imemkauka, akanikuta mikono yangu iko tayari kwenye gurudumu. Alinitazama hivi mpaka nikaitoa.

"Weye unaangalia saa," alisema. "Miye naangalia batu. Ile saa yako inajua kama leo kuko mugonjwa kwa mutoni? Inajua kama kuko mama ana mapacha?"

Aliokota jiwe nje, akatafuta msumari kwenye sanduku langu la vifaa bila kuniomba, akaupigilia kwenye fremu ya mlango karibu na gurudumu. Akaitundika filimbi.

"Ikiwa hapa, fungua. Kama haiko hapa, miye niko chini. Na kama miye niko chini, kuko batu."

Tukakubaliana pia kwamba mpulizo mmoja mrefu maana yake kazi inaendelea, na mifupi mitatu maana yake nisiguse kitu. Shefu, mkuu wa kituo, aliyekuwa na ofisi yake Kamembe, aliposikia habari hiyo alicheka, kisha akaiandika kwenye kanuni za usalama kana kwamba ameiota yeye.

Sasa, mwanamke huyu aliyekuwa akitembea mbele ya maji siku zote aliyaogopa maji kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Hakuweza kuogelea. Hakuvuka kwenye mawe ya kivuko hata wakati mto ulipokuwa mkavu, akazunguka hadi darajani na kurudi, mwendo wa nusu saa. Mvua ikipiga mabati ya nyumba ya mitambo aliziba masikio kwa ncha za kitenge. Nilimuuliza kwa nini basi alikubali kazi hii.

"Fisi unaweza kumutupia jiwe, akimbie," alisema. "Maji ukiitupia jiwe, inameza. Miye naogopa, njo maana nakimbia mbele yake. Mungemupa hii kazi muntu haogope, angetembea polepole."

Na kuhusu umeme wenyewe, hakuna aliyeweza kujua yuko upande gani. Shamba la mumewe, la ndizi na maharage, ndilo lililozama chini ya bwawa letu. Kazi ya filimbi alipewa kama sehemu ya pole. Mume hakuusamehe ukuta ule. Aliapa kwamba taa ya kituo haitamwangazia sahani, na kweli, kila jioni alikula nje jikoni na koroboi yake, moshi ukimuingia machoni, huku mkewe akila ndani chini ya taa ya umeme. Walikuwa wakiongea kupitia dirishani, kwa upendo kabisa, lakini hakuna aliyehama.

Mama Sireni ndiye aliyekuwa na frigo ya kwanza kwenye kilima kile. Aliuza maji baridi na juisi ya maracuja. Aliifuta frigo hiyo kama watu wengine wanavyofuta picha za wazee wao. Na wateja walipomchokoza kwamba anakula kwa mkono wa bwawa lililokula shamba lake, aliwaambia, "Shamba ilishaenda. Munataka na miye niende?"

Nakumbuka mkutano mmoja uwanjani, enginia alipokuja kutoka Kigali kueleza kwamba ukuta utaongezwa urefu. Alikuwa na karatasi kubwa ubaoni, upande mmoja faida, upande mwingine hasara. Faida zilikuwa za kweli, tulikuwa tukiziona kila siku. Mashine ya kusaga ilikuwa imewaondolea wanawake safari ya kupanda na muhogo hadi barabara kubwa. Kulikuwa na mchomelea vyuma, kinyozi, mahali pa kuchaji simu. Kwenye kituo cha afya wauguzi walikuwa wameacha kuzalisha watu huku tochi imeshikwa kwa meno. Lakini na wale wa upande wa pili hawakuwa waongo. Mto mchana ulikuwa umekufa. Mafunjo ya kusukia mikeka yalikuwa yamekauka, samaki wadogo wametoweka, na watu wa mpunga kule chini walipata maji saa wasizoyataka. Ndama wawili walikuwa wameshasombwa.

Enginia alipomaliza, alisema faida ni za wote na hasara ni ndogo. Mama Sireni akasimama.

"Bwana enginia, aksanti. Hiyo hasara ndogo, anaitwa nani?"

Enginia hakuelewa.

"Nauliza jina yake. Faida ni ya batu bote, sawa. Lakini hasara haikuwe ya batu bote. Iko na muntu wake. Utuambie ni nani, tukamupe pole mapema."

Upande wa walalamikaji ukashangilia. Akawageukia wao.

"Na nyinyi munapiga makofi. Munataka ukuta ivunjwe. Leo mangaribi mutachaji simu wapi? Bibi zenu batazalia wapi, kwa koroboi ya bwana yangu?"

Mkutano ulivunjika wote wakiwa wamemkasirikia. Alirudi nyumbani ameridhika.

Nimezunguka sana, kwa sababu nisingependa kufika kwenye ile siku ya Aprili. Lakini bila siku hiyo nitakuwa nimemchora mwanamke mwingine.

Mvua ilikuwa imenyesha vilimani tangu asubuhi, kwetu ilikuwa manyunyu tu. Saa nane na nusu alishuka kama kawaida, kwa sababu tope lilikuwa limejaa na nilipaswa kufungua lango saa tisa na kitu. Hakuwa amefika mbali, maji yakaanza kupanda nyuma ya ukuta kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Yalikuja na migomba mizima, nyasi, matawi, na vyote vilijibandika kwenye chujio la bomba letu. Mtambo ukaanza kutetemeka. Taa ya juu ya meza yangu ikafifia, ikarudi, ikafifia.

Simu ya kituo ililia. Alikuwa shefu.

"Umeme unacheza, kuna nini?"

Nikamweleza. Nikasema nataka kuzima mtambo mpaka nisafishe chujio.

"Usizime! Kituo cha afya wamenipigia sasa hivi. Kuna mtoto kazaliwa kabla ya siku zake, yuko kwenye mashine ya kupumulia. Jenereta yao mbovu. Fungua lango la chini, hayo majani yavutwe yaende."

"Shefu, filimbi haijarudi."

"Ameshuka lini?"

"Ina nusu saa."

"Nusu saa inatosha. Yule mama anapenda kuongea na watu, unamjua."

"Shefu, kanuni inasema..."

"Mtoto akifa, utakwenda wewe kumwambia mama yake habari za kanuni?"

Akakata simu.

Nilitoka nje, nikasimama juu ya ngazi. Mvua sasa ilikuwa imefika, nzito, na sikusikia kitu isipokuwa mvua. Niliita. Nikarudi ndani. Maji yalikuwa yamebakiza kama mikono miwili kufika juu ya ukuta. Taa ikafifia tena, na safari hii ilikaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba nilimuona yule mtoto nisiyemjua, nikamuona kabisa, na kifua chake. Niliutazama msumari. Haukuwa na kitu.

Nikalishika gurudumu nikalizungusha.

Nilikuwa nimelizungusha mizunguko kumi na kitu, maji yameshaanza kunguruma chini, ndipo mvua ilipopunguza kidogo na nikasikia. Mifupi mitatu. Mifupi mitatu. Mifupi mitatu, bila kupumua. Nikazungusha kinyume kwa nguvu zangu zote. Gurudumu likagoma. Mgomba ulikuwa umeingia kwenye lango na kulikwamisha. Nililielemea kwa uzito wangu wote, nikalipiga teke, nikalia. Taa juu ya meza yangu ilikuwa imetulia, inang'aa vizuri sana.

Yaliyotokea chini nilisimuliwa na wanawake waliokuwa ukingoni. Watu wote walikuwa wametoka isipokuwa mchimba mchanga mmoja, mwanamume wa makamo mwenye nyumba yake palepale kilimani. Ukingo wa mchanga ulikuwa umemuangukia na kumshika mguu mpaka juu ya goti. Mama Sireni, aliyekuwa hathubutu kukanyaga mawe ya kivuko, aliingia mtoni mpaka kiunoni. Alifunga ncha ya kitenge chake kwenye mzizi, ncha nyingine akampa yule mtu, akachimba mchanga kwa mikono huku akipuliza filimbi. Waliokuwa juu walimpigia kelele atoke. Hakutoka. Maji yalipofika, kitenge kilichanika. Yeye walimkuta hai, ameukumbatia mzizi, filimbi ingali mdomoni, meno yameingia kwenye plastiki. Yule mtu walimpata kesho yake kwenye mpunga.

Nilimsikia akipanda ngazi. Hakuwa na kandambili, lakini nilijua ni yeye. Alisimama mlangoni akivuja maji na damu ya magotini, akaliangalia gurudumu, kisha mimi.

"Umefungua."

"Shefu alisema..."

"Sijauliza shefu."

Aliondoka na filimbi yake.

Mtoto wa kituo cha afya alipona. Nimeambiwa ni msichana, na kwamba anasoma. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwa miaka mingi nililitumia kama mtu anavyotumia mto wa kulalia.

Wiki ile shefu alileta karatasi. Ilisema kwamba onyo lilitolewa kikamilifu, kwamba filimbi ilikuwa imerudishwa mahali pake kabla ya lango kufunguliwa, na kwamba marehemu alirudi mtoni kwa hiari yake baada ya onyo. Palikuwa na sehemu mbili za kutia sahihi. Nilitia yangu. Nilikuwa na mke mwenye mimba ya kwanza, na shefu alinieleza kwa upole ni nani atakayekwenda gerezani karatasi ikiandikwa vingine.

Mama Sireni alisomewa karatasi hiyo mara mbili. Kisha akasema, "Saa ile munasema filimbi ilikuwa kwa musumari, ilikuwa mudomoni mwangu." Akairudisha kalamu mezani. Mwezi ule ule aliambiwa kwamba kazi yake imekwisha, kwa kuwa sireni inakuja. Sireni haikuja. Aliuza frigo, na mumewe alipofariki akahamia Gihundwe kwa binti yake. Mimi nilikaa mwaka mmoja zaidi, nikaacha, nikafungua karakana ya kutengeneza mota pale Kamembe. Nilikuwa napita Gihundwe mara kwa mara juu ya moto, pikipiki za abiria, na kila nikipita nilitazama upande wa pili wa barabara.

Miaka ilipita. Mwaka jana waliniomba nifundishe vijana watakaoendesha kituo kipya kwenye mto mwingine. Nilikubali. Siku ya kwanza niliwaandikia ubaoni faida na hasara za umeme wa maji, na katika hasara nikaandika kwamba maji yanayoachiwa ghafla ni hatari kwa watu wa chini. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Mwalimu, pale mulifanya kazi, kuko muntu alishakufa?"

"Hapana," nikasema.

Aliandika kwenye daftari lake. Nilimuona akiandika neno lile, *hapana*, na kulipigia mstari.

Kesho yake sikwenda kufundisha. Nilikwenda Gihundwe, nikauliza nyumba. Nilimkuta barazani, anapiga pasi sare za wanafunzi. Ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya siku hizo, na rundo la mashati ya buluu lilimfika kiunoni. Alikuwa amekonda. Aliinua macho, akanitambua, akaendelea kupiga pasi mpaka akamaliza kola.

"Fundi. Kaa."

Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa haraka: simu, taa iliyofifia, msumari mtupu, karatasi. Nilisema nilijua kwamba alikuwa chini. Nilisema nimekuja kuomba msamaha kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekataa uongo, na akafukuzwa kwa hilo.

Alichomoa pasi ukutani.

"Uko na uhakika nilikataa uongo?" aliuliza.

"Ulikataa kutia sahihi, Mama."

"Ile karatasi ilikuwa na uongo nusu. Filimbi, uongo. Lakini waliandika alirudi kwa mutoni kisha onyo. Hiyo ni kweli. Alirudi." Alikunja shati polepole, mikono juu ya mikono. "Alikuwa ameshatoka, fundi. Alisimama pembeni yangu. Akaniambia, Mama, nimesahau beleshi yangu, ni ya kuazima. Nikaangalia mutoni, maji hakuna. Nikamwambia, kimbia uchukue. Miye. Kwa mudomo huu. Miaka yote natoa batu, muntu mumoja tu nilimurudisha."

Nikasema kile ambacho nadhani mtu yeyote angesema: kwamba kama nisingefungua, angelichukua beleshi lake na kutoka, na kwa hiyo kosa ni langu.

"Usichukue ya kwangu uongeze juu ya yako, upate kulia mingi," alisema kwa ukali ule wa zamani. "Kila muntu abebe yake. Na juu ya nini unaniomba miye musamaha? Miye niko hai. Napiga pasi."

"Nimwombe nani?"

"Bibi ya marehemu yuko palepale. Umeshafika kwake?"

"Hapana."

"Na miye hapana." Aliinuka, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu na mtandio. Alimwambia jirani amwangalizie mashati. "Ita moto mbili. Tukingoja kesho, hatutaenda."

Tukaondoka, kila mmoja nyuma ya dereva wake. Kuna mahali barabara inapokata kona na bwawa linaonekana lote kwa chini, nami niliinamisha kichwa mpaka tulipopita.

Mjane alikuwa uani anamenya muhogo. Juu ya mlango wake palikuwa na mita ya umeme, na ndani redio ilikuwa ikiimba kwa sauti ya chini. Alimtambua Mama Sireni, akatuletea mkeka na akasema maneno ya kukaribisha. Mimi hakunijua. Nilipotaja kazi niliyokuwa nikiifanya, kisu chake kilisimama.

"Mumekuya juu ya nini?" aliuliza.

Nilimtazama Mama Sireni. Hakunisaidia. Basi nikaanza na saa, kwamba ilikuwa saa tisa na dakika kumi, na nikaendelea mpaka mwisho, na jina langu chini ya karatasi. Nilipomaliza, Mama Sireni akasema yake, kwa sentensi tatu, beleshi na neno *kimbia*.

Mjane aliweka kisu kwenye beseni. Alipangusa utomvu wa muhogo vidoleni kwa pindo la kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Waliniambia ni maji," alisema mwisho. "Walinisomea karatasi, wakasema alirudi mwenyewe, maji ikamukamata. Miaka hii yote nashuka pale kuteka. Naisimamia, naiambia, ulimukula bwana yangu na sijui ginsi gani. Batoto bananiuliza, Maman, Papa alirudi kutafuta nini? Siko na jibu. Sasa munaniletea batu."

Nilifikiri atatufukuza. Mama Sireni naye alidhani hivyo, kwa sababu aliushika ukingo wa mkeka ili ainuke.

"Hapana," mjane alisema. "Maji sikuweza kuiuliza. Nyinyi nitabauliza. Mukae."

Aliingia ndani, akaizima redio, akawaita watoto wake watatu, watu wazima sasa, wakaja wakaketi nyuma yake. Kisha akauliza swali la kwanza: siku ile, kabla hajarudi kuchukua beleshi, alikuwa amekula?

Mama Sireni akamjibu.